Bei ya Mkate

Wakati wa likizo tulikuwa Napoli, nchini Italia, pamoja na mama na watoto. Jioni moja tuliingia katika nyumba ya chakula. Tukaletewa mkate tusiouomba, kisha tambi, kisha samaki. Tulipopewa hesabu, tuliona fedha zimeongezwa kwa neno tusilolijua: coperto. Tukamkaripia mtumishi, hata tukamwita mwizi. Naye, bila hasira, alituonyesha neno lile lile katika karatasi ya bei: ni malipo ya meza na mkate, hutozwa kila mtu aketiye, ndiyo desturi ya kwao. Watoto walikuwa wakitutazama. Tukasimama, tukamwomba radhi mbele yao. Heshima ya baba haipungui kwa kukiri kosa. Hupungua kwa kulificha.