Likizo za Ng'ambo na Uzuri Ulioachwa Mlangoni

Likizo ya kiangazi ng'ambo ni desturi iliyozaliwa katika nchi za baridi. Watu wa Uingereza, Ujerumani na Sweden hukaa miezi mingi chini ya mawingu, na Julai ikiingia huelekea kusini kulitafuta jua kwenye fukwe za Hispania na visiwa vya Ugiriki. Haja yao ni ya kweli. Afrika Mashariki jua halijawahi kuadimika, lakini desturi imepokelewa vilevile pamoja na majira yake. Shule zikifungwa katikati ya mwaka, familia zenye uwezo za Dar es Salaam na Nairobi hukata tiketi za Dubai, Istanbul au Paris, na picha humiminika kwenye simu za jamaa kabla mizigo haijafunguliwa.

Kusafiri ni jambo jema, na hakuna anayehitaji kuthibitishiwa hilo. Kurani inawahimiza waja watembee katika ardhi watazame jinsi Mola alivyoanzisha uumbaji. Zaburi ya 104 inataja milima, chemchemi, ndege na wanasimba wanaomngurumia Mungu awape riziki. Wahenga nao wakasema tembea uone. Kosa haliko katika safari. Liko katika kuuruka mlango wa kwao na kuanzia mbali. Mwenye kufanya hivyo ndiye aliyeonywa asiache mbachao kwa msala upitao. Mtoto wa Morogoro anayeweza kutaja urefu wa jengo la Burj Khalifa, mita 828, bila kujua kwamba maporomoko ya Sanje yako mkoani kwake, hajaelimishwa na safari. Amezungushwa tu.

Hata wanaokwenda ng'ambo, wengi huchagua vibaya. Dubai mwezi Julai joto hupita nyuzi 40, na mgeni hushinda ndani ya maduka yenye viyoyozi, akitoka hotelini kwenda dukani na dukani kurudi hotelini. Fahari ya macho haifilisi duka, lakini watu hawa hawaridhiki na fahari ya macho. Hurudi na masanduku ya bidhaa ambazo nyingi zinauzwa Kariakoo. Wenyeji wa Ghuba wenyewe wana akili zaidi. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, pepo za monsuni kutoka Bahari ya Hindi huleta ukungu na manyunyu kwenye milima ya Dhofar, kusini mwa Oman. Mabonde ya Salalah yanageuka kijani, maji yanaporomoka Wadi Darbat, na ngamia wanakula majani mabichi wakati sehemu nyingine za Uarabuni zinaungua. Watu wa Muscat, wakiwamo wazungumzaji wengi wa Kiswahili wenye ndugu Zanzibar, huendesha gari takriban kilomita 1,000 kwenda kuupata ubaridi huo. Mtanzania aliyeazimia kwenda Uarabuni Julai, basi aende huko, akaone uzuri usiouzwa dukani.

Ng'ambo nyingine haihitaji ndege. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ina urefu wa kilomita 1,860 na inapita Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Kutoka huko barabara inampeleka msafiri Lusaka na hatimaye Livingstone, penye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, ambapo mto Zambezi unaanguka zaidi ya mita 100 katika ukingo wenye upana wa kilomita 1.7. Kaskazini, nchini Kenya, uko mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, wenye vichochoro vya mawe na milango ya nakshi, na watu wake huzungumza lugha ambayo Mtanzania hahitaji mkalimani kuielewa. Hizo ni safari za nje zenye maana, na bei yake haimlazimishi mtu kukopa.

Lakini ya nyumbani ndiyo ya kwanza. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 3,230. Kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa kilomita 283, kwa barabara ya lami mpaka langoni. Uwanda wa Mkata, ulio kaskazini mwa barabara kuu, una tembo, nyati, twiga, pundamilia na simba, na aina za ndege zinapita 400. Likizo ya Juni na Julai, ambayo familia huipoteza kwenye foleni za viwanja vya ndege, ndiyo hasa majira ya Mikumi: mvua za masika zimekwisha, nyasi zinakauka, na wanyama wanasogea karibu na maji ambako hata mtoto mdogo anaweza kuwaona bila darubini.

Kusini kidogo iko Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992. Hapo maji ya Sanje yanaporomoka kwa jumla ya mita 170 katikati ya msitu, na mtu mwenye miguu mizima hupanda hadi juu na kurudi siku hiyohiyo. Ndani ya msitu huo anaishi kima ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, ilhali wenyeji walikuwa wakimjua na kumwita ng'olaga. Hapatikani porini popote duniani isipokuwa katika milima hiyo. Watu wanavuka bahari kuja kumtazama, na kijana wa bonde la jirani la Kilombero anatamani kuvuka bahari kwenda kutazama taa za mji.

Wilaya ya Kilosa nayo haina sifa ndogo. Bonde la mto Mkondoa lilikuwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea bara. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipita humo mwaka 1857. Reli ya Kati ililifuata bonde hilohilo, na sasa treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, inatoboa milima ya Kilosa kwa mahandaki. Abiria anayefungua macho hupata mandhari ambayo Uswisi huitangaza kwenye kalenda.

Tindiga, katika wilaya hiyohiyo, ndipo aibu inapodhihirika zaidi. Wakulima wa mpunga na mahindi wa kata hiyo ni majirani wa wanyama wa Mikumi. Tembo akivuka mpaka na kuingia shambani, kazi ya msimu mzima inakwenda usiku mmoja, na kifuta jasho kinachotolewa na serikali hakilingani na magunia yaliyopotea. Watu hawa wanalipa gharama ya kuwepo kwa hifadhi kwa jasho lao, wala hawajalalamika kupita kiasi. Ni wastahimilivu wanaostahili kusifiwa kuliko wanavyosifiwa. Hata hivyo wako watoto wao wanaomaliza shule bila kuingia langoni hata mara moja. Wanamjua tembo kwa debe linalogongwa usiku, hawamjui akiwa ametulia na ndama wake majini. Mtoto wa namna hiyo akikua, nani atamwambia kwamba hifadhi ni mali yake? Samaki mkunje angali mbichi, na shule iliyo karibu na hifadhi kuliko ilivyo na makao makuu ya mkoa haina udhuru.

Kuna na hili la barabara, ambalo haliwezi kupitwa kimya. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inakatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50. Abiria wengi hulipita eneo hilo mapazia yamefungwa na macho yakiwa kwenye simu. Wanaofungua dirisha, baadhi yao hufungua ili kutupa chupa ya maji na ganda la ndizi. Ganda linamwita nyani barabarani, na gari linalofuata linamkanyaga. Madereva nao, walioonywa kwa vibao na kuwekewa matuta, hukimbiza magari usiku hadi swala, nyati na hata twiga wanalala kwenye lami. Nchi iliyotoa tamko la kulinda wanyama wake jijini Arusha mwezi Septemba 1961, kabla hata ya kupata uhuru, haistahili kufedheheshwa na watu wanaoshindwa kushika chupa tupu mpaka mwisho wa hifadhi.

Wako wanaosema utalii ni wa wageni, kwa kuwa mgeni njoo mwenyeji apone. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.5; mwaka 2020, Uviko-19 ilipofunga mipaka, idadi ilishuka hadi karibu 620,000. Waongoza wageni walirudi kulima, na nyumba za kulala wageni zikakaa tupu. Mwenyeji aliyemtegemea mgeni peke yake aliona matokeo. Kama Watanzania wangekuwa na mazoea ya kulala Mikumi na Mang'ula, pigo lingepungua.

Kisingizio cha mwisho ni fedha, nacho hakisimami. Ombi la viza ya Schengen linagharimu yuro 90 kwa mtu mzima, na likikataliwa fedha hairudishwi. Ada ya Mtanzania kuingia Mikumi hulipwa kwa shilingi, na ni sehemu ndogo sana ya ile anayotozwa mgeni kwa dola. Mzazi aliyekwisha kuweka akiba ya Dubai na aahirishe mwaka mmoja tu. Juni ijayo awapeleke wanawe Mkata na Sanje, na katika gari lake atenge nafasi kwa mtoto mmoja au wawili wa Tindiga.