Nyumba Haihukumiwi Nyuma ya Mgongo wa Mwenyewe

Upo ugonjwa mmoja katika mashauri ya ardhi ya nchi yetu ambao wengi wanaujua lakini wachache wanathubutu kuukemea. Watu wawili wanashtakiana mahakamani juu ya kiwanja. Mmoja anadai kwamba ana hati. Mwingine, ambaye mara nyingi ni mtu aliyekwisha kuuza na kuondoka zamani, anajitetea kwa ulegevu au hatokei kabisa. Hukumu inatolewa, na mwisho wake inaamriwa kwamba majengo yote yaliyomo katika kiwanja hicho yabomolewe. Asubuhi moja dalali wa mahakama anafika na tingatinga, akisindikizwa na askari. Ndipo mwenye nyumba, ambaye jina lake halimo katika ukurasa hata mmoja wa jalada, anapotambua kwamba nyumba yake ilikwisha kuhukumiwa.

Jambo hili halifai kuitwa bahati mbaya. Ni dhuluma, tena dhuluma iliyo mbaya zaidi kwa sababu imevaa joho la sheria.

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyejenga kidogo kidogo kwa miaka 20. Mwaka mmoja msingi, mwaka wa pili kuta, mabati kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, na kiinua mgongo chake kikaishia kwenye sakafu na madirisha. Ana karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Huenda aliuziwa na tapeli, huenda aliuziwa na mwenye haki. Hilo ndilo swali ambalo mahakama ipo ili kulijibu. Lakini italijibuje kwa haki iwapo imewasikiliza watu wawili wasiolala ndani ya nyumba hiyo, na yule anayelala humo hajaulizwa hata jina lake?

Wala asitokee mtu akatuambia kwamba sheria imewafunga mikono mahakimu na majaji. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, iliyotungwa mwaka 1966, inasema wazi katika Amri ya Kwanza, Kanuni ya 10, kwamba mahakama inaweza, katika hatua yoyote ya shauri, kwa maombi ya upande wowote au hata bila ya kuombwa na mtu, kuamuru aunganishwe kila mtu ambaye kuwepo kwake kunahitajika ili mgogoro uamuliwe kikamilifu. Mahakama ya Rufani nayo, katika Marejeo ya Madai Namba 6 ya mwaka 2017, ilieleza mdaawa wa lazima ni nani. Ni yule ambaye ipo nafuu inayodaiwa dhidi yake katika shauri, na ambaye pasipo yeye haiwezi kutolewa hukumu inayotekelezeka. Sasa tuulize bila kuzunguka. Anayeombewa nyumba yake ivunjwe hadaiwi kitu? Na amri ya kuivunja itatekelezwa wapi kama si juu ya kichwa chake?

Zaidi ya hayo, Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika Ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa. Ibara ya 24 inalinda mali yake. Kwa hiyo mwenye nyumba anapodai kuitwa mahakamani, haombi fadhila ya karani wala huruma ya jaji. Anadai kilicho chake.

Kanuni hii si mpya. Mwaka 1863, huko Uingereza, mtu mmoja aliyeitwa Cooper alikuwa akijenga nyumba bila ya kutoa taarifa ya siku 7 kama sheria ilivyotaka. Bodi ya wilaya ya Wandsworth ikaja ikaibomoa. Sheria iliipa bodi mamlaka ya kubomoa, tena Cooper alikuwa na kosa. Hata hivyo mahakama ilimpa ushindi, kwa sababu bodi haikumsikiliza kwanza. Mmoja wa majaji alikumbusha kwamba hata Mwenyezi Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita na kumuuliza. Iwapo Adamu, ambaye kosa lake lilijulikana mbinguni, aliitwa, je, mkazi wa Mbagala au Nyakato asiitwe?

Tazama pia namna sheria zetu zinavyopima watu kwa mizani mbili. Mwaka 2020 Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, ilirekebishwa. Tangu hapo anayeishtaki halmashauri, wakala wa Serikali au shirika la umma hana budi kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na asipofanya hivyo mwenendo mzima unabatilika. Sababu iliyomo ni njema: mali ya umma isije ikaamuliwa pasipo mtetezi wa umma kuwepo. Lakini kama kukosekana kwa Mwanasheria Mkuu kunabatilisha shauri, kwa nini kukosekana kwa mwenye nyumba kuwe dosari ndogo ya kufunikwa? Serikali ikipoteza kiwanja kimoja itabaki na ofisi nyingine. Mwalimu akipoteza nyumba yake atabaki na kitanda barabarani.

Wenye kujua mambo ya mahakama watasema kwamba hukumu huwafunga wadaawa tu, na asiyekuwemo haimgusi. Laiti ingekuwa hivyo! Desemba 2015 ubomoaji ulipofanyika katika Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, baadhi ya wakazi walikimbilia Mahakama Kuu, Kitengo cha Ardhi, na Januari 2016 likatoka zuio. Zuio hilo lilikuwa la wale waliofungua shauri. Asiyekuwemo hakuwa na cha kumwonyesha mwenye tingatinga. Haya basi, tumeelewa: amri ya kulinda huhesabu majina. Mbona amri ya kubomoa haihesabu? Inakuwaje mtu awe mgeni wa shauri linapokuja suala la kumhifadhi, kisha awe mwenyeji wake linapokuja suala la kumvunjia? Mwenye jibu la swali hili na ajitokeze alitoe hadharani.

Zipo hoja tatu ambazo watetezi wa utaratibu huu mbovu hupenda kuzirudia.

Hoja ya kwanza ni kwamba kuwaunganisha wenye nyumba kutachelewesha mashauri. Huo ni uvivu uliotiwa rangi. Shauri lililoamuliwa bila ya mhusika haliishi. Huzaa pingamizi, pingamizi likazaa marejeo, na marejeo yakaturudisha tulikoanzia, baada ya miaka kadhaa na ada nyingi za mawakili. Tofauti ni kwamba safari ya pili watu wanagombania kifusi.

Hoja ya pili ni kwamba wenye nyumba ni wengi mno. Kanuni ya 8 ya Amri hiyo hiyo inaruhusu mmoja au wachache, kwa idhini ya mahakama, wawawakilishe wengi wenye maslahi ya namna moja, na taarifa itolewe kwa wote, hata kwa tangazo la hadhara. Mwaka 2017, kandokando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara hadi Kiluvya, watu walitembea na kipimo cha mita 121.5 kutoka katikati ya barabara, wakapaka alama ya X nyumba moja baada ya nyingine. Hawakulalamika kwamba nyumba ni nyingi. Mlango unaofikiwa na brashi ya rangi nyekundu unafikiwa pia na hati ya wito, na sheria inaruhusu wito ubandikwe mlangoni pale mtu asipopatikana.

Hoja ya tatu ndiyo ya kiburi kuliko zote: kwamba hao ni wavamizi, na mvamizi hana haki. Nani amethibitisha kwamba ni wavamizi? Uvamizi ni tuhuma, na tuhuma hujibiwa na mtuhumiwa. Yamkini baada ya kusikilizwa atashindwa, na akishindwa ataondoka. Hatusemi kwamba kila aliyesimamisha matofali apewe ushindi. Tunasema aitwe. Wala hatumtetei yule aliyeitwa akakaa kimya, akangoja hukumu, kisha akazuka na pingamizi ili kuwasumbua wenzake. Huyo naye ni adui wa haki.

Basi kifanyike nini? Kwanza, kila anayeomba amri ya kubomoa alazimishwe kueleza katika hati yake ya madai ni nyumba ngapi zimo na zinakaliwa na nani. Anayeficha habari hiyo anajua anachokificha. Pili, mahakama itumie mamlaka iliyokwisha kupewa, bila kungoja kuombwa, na inapobidi iende ikaione ardhi yenyewe kwa macho. Tatu, sheria irekebishwe, ili kukosekana kwa mwenye nyumba anayejulikana kuwe na uzito ule ule wa kukosekana kwa Mwanasheria Mkuu.

Lakini nisiwasukumie wabunge na majaji mzigo wote. Ndugu zangu watumishi wa umma, jalada halipiti hewani, linapita mikononi mwetu. Afisa ardhi anayeitwa kutoa ushahidi anajua kwamba kiwanja kinachobishaniwa kina kaya 30. Aseme, hata kama wakili hakumuuliza. Afisa mtendaji wa mtaa anayeonyeshwa amri ya mahakama anawafahamu wakazi wake kwa majina. Akiona hawamo, apeleke habari mahakamani mapema, kabla ya siku ya utekelezaji, badala ya kuongoza msafara wa kwenda kuwavunjia. Kutii amri ya mahakama ni wajibu wetu sote. Kuinyima mahakama ukweli si sehemu ya wajibu huo.

Nanyi walimu, ambao mnaandikiwa barua na wazazi na majirani wasiojua kusoma lugha ya mahakama, wafundisheni jambo moja. Wakisikia kwamba kiwanja wanachokalia kimo mahakamani, wasingoje kuona rangi nyekundu mlangoni. Waende masjala ya mahakama wakaulize namba ya shauri, na waombe kuunganishwa siku hiyo hiyo. Anayesubiri kuitwa na wale wanaonufaika na kutokuwepo kwake atasubiri mpaka paa lianguke.