Silaha Kiunoni ni Amana

Vijana wafanyao biashara ya dagaa Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, hutuuliza: je, mwenye kuchukua fedha nyingi yamfaa anunue bastola, aifiche kiunoni?

Kwanza, aitii sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyoshika mahali pa ile ya 1991, haimruhusu mtu kumiliki silaha bila leseni. Nia njema si leseni.

Pili, achague kwa akili. Asitafute kubwa ya kutishia watu, bali ile ienezayo mkono wake. Tena ajue kwamba kuchomoa magazini hakuondoi risasi iliyokwisha kuingia chemba. Wengi wameuawa na silaha iliyodhaniwa tupu.

Tatu, ajifunze kwa mwalimu kabla ya kuivaa: mdomo wake usimwelekee mtu, kidole kisiguse kifyatulio kabla ya wakati. Nyumbani ifungiwe, watoto wasiifikie.

Mtume wetu (S.A.W.) alimwamuru apitaye na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Basi bastola je, katika msongamano wa Kirumba? Risasi iliyomkosa mwizi haimchagui mama aliyeketi mbele ya dagaa wake.

Asiyeweza kuyatimiza haya na aiache, fedha azipeleke benki mapema. Mali ikipotea hutafutwa, roho haitafutwi.