Komredi, ukishangilia sanaa ikikatwa, mpira wako ndio unaofuata

Msimu wa kampeni za chuo ukifika, dalili zake unazijua. Mabango yanabandikwa hadi kwa mlango wa bafu. Mtu ambaye hajawahi kukusalimia tangu mwaka wa kwanza anakuita "komredi wangu". Halafu zinakuja jezi. Halafu mpira mpya. Halafu kombe la wikendi moja lenye jina la mwaniaji, na mshindi anaenda na mbuzi. Mbuzi analiwa, kura zinapigwa, na mwaka mzima unapita bila timu ya chuo kupata nauli ya kwenda kucheza mechi ya ugenini.

Hapa Machakos, mji wenye vyuo na wenye uwanja ambao nchi nzima inaujua, mjadala huu hauishi. Ukikaa kwa kibanda cha chai na chapo utakuta kambi tatu. Kambi ya mpira inasema pesa ni kidogo, zipewe timu, kwani drama huendwa na watu kumi na wawili. Kambi ya sanaa inajibu kwamba hao wachezaji wanakimbiza ngozi tu, jina la chuo linabebwa na sisi kwa matamasha. Kambi ya tatu ni ya siasa. Hiyo haina haja na mpira wala sanaa, inahesabu kura. Na nikuambie ukweli, hiyo ya tatu ndiyo hushinda kila mwaka, kwa sababu hizo mbili ziko bize kurushiana maneno. Wazee walishasema: vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Hoja yangu ni moja. Mpira na sanaa vinakula kwa sahani moja, na anayeipunguza sahani hiyo haulizi nani ni shabiki wa nani. Ukishangilia mwenzako akinyimwa, umempa mwenye kisu ruhusa ya kukufikia.

Tuanze na pesa za taifa. Kuna Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, iliyoundwa mwaka 2018. Inalishwa na kodi za kamari na bahati nasibu. Yaani ile shilingi hamsini uliyoweka Jumamosi ukiamini Arsenal hawatakuangusha, sehemu yake hupitia huko. Jina lenyewe linajieleza: michezo na sanaa, mfuko mmoja. Sasa uwanja mpya wa Talanta jijini Nairobi ulitafutiwa pesa kwa hati za dhamana za karibu Sh45 bilioni zilizouzwa mwaka 2025, na mfuko huo ndio unaotegemewa kuzilipa kwa miaka 15. Mimi napenda mpira, na AFCON 2027 ikija Kenya, Uganda na Tanzania nitakuwa mbele kabisa. Lakini mchoraji na mwigizaji wana haki ya kuuliza ni nini kitabaki kwa sahani. Na wewe mwanasoka wa chuo una haki ya kuuliza swali hilo hilo, maana uwanja wa Nairobi hautailipia timu yenu basi la kwenda Eldoret.

Nenda shuleni utakuta hadithi ni ile ile. Katika mtaala wa umilisi, sanaa na michezo vimewekwa katika mkondo mmoja. Wizara ya Elimu ilikadiria kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wataingia mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, asilimia 25 sayansi za jamii, na asilimia 15 sanaa na michezo. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Fanya hesabu: miaka mitatu, halafu watakuwa wanagonga mlango wa chuo. Watakuta nini? Ikiwa klabu ya drama ilikufa kwa kukosa elfu kadhaa za kukodi mavazi, na uwanja wa mazoezi umegeuka malisho, kipaji walichokuzwa nacho tangu utotoni watakisomea wapi?

Ikiwa kuna kaunti haifai kudanganywa kwamba vitu hivi ni vya kupitisha wakati tu, ni hii yetu. Desemba 17, 2017, Harambee Stars walicheza fainali ya CECAFA dhidi ya Zanzibar papa hapa katika Uwanja wa Kenyatta. Sare ya 2-2, penalti, kombe likabaki nyumbani. Uliza mwenye hoteli, mtu wa bodaboda na mama wa mahindi ya kuchoma siku ya mechi kubwa huwaletea nini. Hawatakuambia mpira ni mchezo wa watoto.

Sasa toka mjini, shika barabara ya kwenda Kitui hadi Wamunyu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mtu wa huko kwa jina Mutisya Munge alirudi kutoka Tanganyika akiwa na ujuzi wa kuchonga vinyago vya kuuza. Ujuzi huo ukaenea kutoka boma hadi boma, mpaka Wakamba wakajulikana dunia nzima kwa uchongaji. Yule twiga wa mbao unayemwona kwa duka la watalii Nairobi au Mombasa, kuna uwezekano mkubwa kwamba ukoo wake unaanzia Wamunyu. Karo ngapi zimelipwa kwa tezo na patasi katika kaunti hii? Halafu mtu anasimama kwenye mkutano wa wanafunzi akisema sanaa hailipi, na anapigiwa makofi.

Najua utaniambia Munge hakuwa na bajeti ya chuo. Kweli. Lakini alikuwa na mti, alikuwa na mtu wa kumwonyesha kazi, na alikuwa na soko. Mwanafunzi wa sanaa wa leo mara nyingi ananyimwa vyote vitatu: vifaa hakuna, mwalimu ni wa mkataba na hajui kama muhula ujao atakuwepo, na tamasha ambalo lingemkutanisha na wanunuzi limefutwa.

Wewe wa kambi ya mpira, jiulize mpira ungekuwa nini bila sanaa. Leonard Mambo Mbotela, aliyetuacha Februari 2025, hakuifungia Harambee Stars bao hata moja. Lakini kizazi cha wazazi wetu kiliyaona mabao kwa redio, kwa sababu ya sauti yake na Kiswahili chake. Utangazaji ni sanaa. Mchoro wa jezi, picha na video za timu, nyimbo za mashabiki, isikuti inayokufanya usahau mnafungwa tatu bila, zote hizo ni kazi za mikono na midomo ya watu wa sanaa.

Na wewe wa kambi ya sanaa, acha kulia kwamba watu hawaji ukumbini. Mwaka 1974 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walianza kuzunguka nchini wakiigiza bila kiingilio. Waliwafuata watu walipo. Leo watu wako uwanjani kila wikendi, wamekaa, hawana la kufanya wakati wa mapumziko. Nani alikataza igizo la dakika kumi hapo?

Sasa tuje kwa usimamizi. Watakuambia pesa hakuna, na hapo hawadanganyi sana. Mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023 ulibadilisha namna vyuo vya umma vinavyopata hela, na kila kozi hupangiwa gharama yake: tiba na uhandisi juu, sanaa chini. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka Katiba, serikali ikakata rufaa. Mwaka 2025 wahadhiri wakagoma siku 49 wakidai malimbikizo yao. Chuo kinachohangaika kumlipa mwalimu kitakununulia ngoma na viatu vya kuchezea?

Sawa, hilo nalikubali. Lakini kupunguza bajeti ni uamuzi, na kila uamuzi una mwenyewe. Kuna watu walikaa mezani wakaamua hiki kibaki na kile kiende. Kwenye baadhi ya meza hizo kuna kiti cha mwakilishi wa wanafunzi. Aliyekikalia alisema nini siku hiyo? Alikuwepo? Ama alikuwa anapanga kombe la mbuzi?

Hapa ndipo uongozi wa wanafunzi unaingia. Sheria ya Vyuo Vikuu iliporekebishwa mwaka 2016, kura ya moja kwa moja ya mwenyekiti iliondolewa. Wanafunzi walitakiwa kuchagua wajumbe kulingana na idara au kitivo, na wajumbe hao ndio wachague baraza. Muhula uliwekwa kuwa wa mwaka mmoja, na mtu kurudi mara moja tu. Wengi wanalalamika kwamba mfumo huu uliua siasa za chuo, kwamba wajumbe ni wachache na ni rahisi kuwapanga kwa chakula cha jioni. Lalama hiyo ina uzito. Mimi pia ningependa kura yangu imfikie mwenyekiti bila kupitia kwa mtu.

Lakini palipo na mjumbe, yeye ndiye mlango ulio nao, na ni mlango ulio karibu kuliko unavyodhani. Mjumbe wako mnakaa naye darasani. Unajua hosteli yake. Namba yake unayo, na pengine mia mbili zako pia anazo. Mwenyekiti anaweza kukukwepa mwaka mzima. Mjumbe wa idara ya fasihi hawezi kukukwepa hata wiki.

Ajabu ni kwamba sisi vijana tunajua vizuri sana kumpima mtu tukitaka. Mpe shabiki yeyote nafasi, atakuambia straika wake amefunga mangapi, ametoa pasi ngapi, ana kadi ngapi za njano. Kocha akipoteza mechi tano mfululizo tunataka aondoke kabla ya basi kufika nyumbani. Sasa muulize shabiki huyo huyo: baraza lenu la wanafunzi liliahidi nini, limetimiza nini? Kimya. Tunampima kocha wa Uingereza asiyejua kama tupo, na tunamwacha aliyeshika ada yetu atembee bila jedwali la pointi.

Kwa hivyo mpime. Mjumbe akija kwako kuomba kura, muulize maswali matatu. La kwanza: ile ada ya shughuli za wanafunzi ambayo vyuo vingi hutoza pamoja na karo, kwa chuo chetu jumla yake ni ngapi kwa mwaka na imeenda wapi? La pili: bajeti ikikatwa, sanaa na michezo zitakatwa kiasi gani, na safari na vikao vya baraza lenyewe vitakatwa kiasi gani? La tatu: utatuonyesha hesabu tarehe ngapi? Akikosa tarehe, mrudishie karatasi yake.

Na kama wewe ni mwanafunzi wa chuo cha umma na unaona hujibiwi, sheria iko upande wako. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka taasisi ya umma kujibu ombi lako ndani ya siku 21. Ikikupuuza, kuna Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Huhitaji wakili. Unahitaji barua ya ukurasa mmoja inayosema unataka kuona nini, cha mwaka gani. Barua haihitaji kurusha mawe, na haifukuzishi mtu chuoni kama maandamano yanavyoweza.

Kuna msomaji aliyefika hapa akisema, mimi nasomea uhandisi, sichezi wala siigizi, yanihusu nini? Yanakuhusu kwa sababu ada unalipa. Yanakuhusu pia kwa sababu chuo ambacho mtu anatoka darasani, anaenda hosteli, anajifungia na simu mpaka asubuhi, ni chuo kinachoumiza vichwa vya watu. Yule mwenzako anayeonekana yuko sawa, pengine kinachomfanya aamke Jumatano ni mazoezi ya kwaya saa kumi na moja jioni. Ukikata kwaya hiyo, hakuna safu kwenye hesabu itakayoonyesha ulichomkata.

Nahodha wa timu ya mpira na mwenyekiti wa klabu ya drama katika chuo chako pengine hawajawahi kukaa meza moja. Wakae wiki hii, kabla kampeni hazijaanza. Waandike barua moja, waitie sahihi wote wawili, nakala iende kwa kila mjumbe wa kila idara. Wawaniaji watakuja na jezi, hilo halina shaka. Jezi chukua ukitaka, baridi ya Machakos ya mwezi wa saba haina mchezo. Lakini kura yako ibaki mfukoni mpaka umeona hesabu.