SI UVIVU WA VIJANA WA UFIPA

Kuna usemi umezuka, na wenye kuusema ni watu wenye mishahara. Wasema kijana wa Sumbawanga hana kazi kwa sababu ni mvivu, apenda kijiwe kuliko jembe. Twasema wazi: huo ni uongo, tena uongo wa kikoloni.

Mkoloni aliifanya Ufipa ghala la watu. Tangu 1944 SILABU, chombo cha wenye mashamba ya mkonge, kilikusanya wanaume wa mikoa ya mbali wakawe manamba. Wafipa walikuwamo. Mkonge ulipokuwa na bei walitafutwa kama dhahabu. Baada ya 1964 nyuzi za viwandani ziliushinda mkonge katika soko la dunia, bei ikaporomoka, maelfu wakaachishwa kazi. Je, walilala hodari wakaamka wavivu?

Wala msidhani ni Waafrika tu. Tazameni Hispania. Mwaka 2007, katika kila vijana 100 wenye kutaka kazi, 18 hivi waliikosa. Mwaka 2013 walioikosa walizidi 50, ingawa kwa watu wote, wazee kwa vijana, walikuwa 26 hivi. Mabenki yalikuwa yamemwaga mikopo katika ujenzi wa nyumba. Mikopo ilipokatika 2008 ujenzi ulisimama, kisha serikali nayo ikabana matumizi. Riba haikupangwa Madrid bali Frankfurt, ambako mwaka 2011 Benki Kuu ya Ulaya iliipandisha mara mbili! Na biashara ikipungua, tajiri kwanza huacha kuajiri wapya, kisha hufukuza wenye mikataba mifupi. Hao ni akina nani kama si vijana? Hakuna aliyesema Wahispania wamesahau kufanya kazi.

Sasa turudi kwetu. Kiwanda cha Ufipa ni mahindi. Mahindi yakiwa na bei, mkulima wa Laela au Matai huita vibarua wa kulima, kupalilia na kupukuchua. Lori hutaka makuli. Fundi cherehani hupata wateja. Mwaka 2011, na tena Juni 2017, serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Ilitaja akiba ya chakula, na hakuna mzalendo atakaye watu wafe njaa. Lakini gharama aliibeba nani? Bei ilianguka, magunia yakakaa ndani, na mkulima asiyeuza hana fedha ya kibarua. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mbolea hata ikabidi serikali ilete ruzuku. Hayo yote hayakuamuliwa kijiweni Sumbawanga.

Kwa hiyo twadai mambo haya. Serikali itangaze kabla ya kupanda kama mpaka utakuwa wazi. Ikiufunga, Wakala wa Hifadhi ya Chakula anunue kwa bei iliyotajwa mapema, na alipe fedha taslimu, si ahadi. Mikopo ya mashine za kusaga na kukamua alizeti ifike Ufipa kwa riba ambayo mkulima aiweza. Na wenye mishahara yao wanyamaze kwanza mpaka hayo yatendeke.