Msiseme Ni Nyimbo Tu

Usemi huu nimeuchoka. Unausikia Goma, unausikia Sake, huku mashariki mwa Kongo, kila watu wanapojadili jinsi ya kuhifadhi habari za vijiji vilivyohamwa: habari zimo kwenye maneno, sauti na ngoma ni kitoweo. Kusanya maneno, hizo nyingine ni nyimbo tu. Wenye kusema hivyo wanakosea, na ushahidi uko Walikale.

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, mzee Shé-Karisi Rureke alisimulia utendi wa Mwindo, shujaa wa Banyanga, kwa muda wa siku 12. Mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck alisimamia kazi ya kuunakili, na mwaka 1969 yeye na Kahombo Mateene, mwana wa Banyanga, wakautoa kitabuni. Kitabu kizuri. Lakini tazama kitabu hakikuweza kubeba nini.

Kijiti kikavu kimelazwa juu ya vijiti vidogo ili kilie vizuri. Vijana watatu wamepiga magoti kando yake, kila mmoja na fimbo zake mbili. Mzee ana kibuyu cha kutikisa mkononi na njuga miguuni. Anasimulia, anaimba, anacheza, anaigiza. Mwindo akisafiri, mzee naye yuko njiani. Na akifika kwenye wimbo wa shujaa, haimbi “yeye”, anaimba “mimi”. Kati ya nyimbo anamgeukia hata karani anayenakili, akimhimiza aendelee, hivyo siku yenyewe ya Bese nayo ikaingia ndani ya utendi.

Chukueni kisa kimoja. Shemwindo, mtemi wa Tubondo, ameshatangaza kwamba hataki mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa. Baba anamrushia mkuki, unamkosa. Anamzika, mtoto anatoka. Mwishowe anaamuru afungiwe ndani ya ngoma na kutupwa majini. Mtoto anaimba humo humo, na ngoma inapanda mto kuelekea kwa shangazi yake, Iyangura. Ukisoma hayo kimya utajua kilichotokea. Yasikilize huku fimbo sita zikigonga mti mkavu, na mti ule utakuwa ngoma yenyewe, na mdundo usiokatika utakuwa maji yanayopiga ubao. Mwindo yu hai kwa sababu mapigo hayajakoma. Sentensi gani ingekwambia hivyo?

Mtasema sauti bila lugha haina maana. Basi tazameni muziki usio na maneno: Mrusi Modest Mussorgsky, mwaka 1874, aliandika vipande vya piano kwa kumkumbuka rafiki yake mchoraji, Viktor Hartmann, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kimoja ni cha mkokoteni wa ng'ombe. Nakubali, maneno ndiyo yanayotutajia mkokoteni. Ila uzito wa magurudumu uko kwenye noti nzito za chini, na hakuna neno lingeubeba.

Nasema haya kwa uchungu, kwa kuwa wenye sauti hizi wanatawanyika. Januari 2025 waasi wa M23 walichukua Masisi-centre. Machi wakaingia Walikale-centre. Watu walikimbia na magodoro, sufuria na watoto. Wakusanyaji wa ushuhuda wakawafuata na fomu zao.

Nilikuwepo siku moja mama wa Masisi alipohojiwa. Alijibu maswali kwa kifupi: kijiji, tarehe, idadi ya watoto. Akaulizwa njia ilikuwaje. Akanyamaza, kisha akaanza kuimba taratibu, akipiga paja kwa kiganja, mapigo mawili mafupi na moja refu, kama mtu anayepanda mlima wa utelezi akiwa na mzigo mgongoni. Alipofika katikati akaacha kupiga, sauti ikabaki peke yake. Wanawake waliokaa nyuma yake wakainamisha vichwa, maana walijua pale ni wapi. Mhojaji alikuwa amekwisha kuzima kinasa sauti, akisubiri mama amalize ili aendelee na swali la 14.