Kabla ya Kuuliza Bei ya Kioo, Uliza Kilo

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna wenye maduka hawataupenda: yeyote anayeuza au anayeposti paneli ya kioo ya kupamba nyumba bila kutaja uzito wake anakupa nusu ya habari. Bei utaambiwa. Rangi utaambiwa, tena kwa mapozi na muziki. Kilo hakuna anayetaja, hadi siku kioo kimefika getini na watu wanatazamana nani aanze kukiinua.

Kama unafuatilia video za nyumba, unajua mtindo wa sasa. Kioo chenye mistari kinachotenganisha sebule na jikoni, kioo cha kujitazamia kinachoanzia sakafuni hadi karibu na dari, paneli za rangi ya shaba nyuma ya TV. Si ati nachukia hizi vitu. Keja ndogo inaonekana imepanuka, na mwanga unafika kona ambazo hazijawahi kuona jua. Hata kwangu, video za vioo ndizo hutazamwa sana. Ndiyo maana naona sisi tunaoposti tuna jukumu, kwa sababu watu hawatazami tu, wanaiga.

Hesabu yenyewe hata haihitaji fundi. Kioo cha mita moja mraba chenye unene wa milimita 1 kina uzito wa kilo 2.5. Kwa hivyo chukua urefu kwa mita, zidisha kwa upana, zidisha kwa unene wa milimita, halafu zidisha kwa 2.5. Kioo cha milimita 4 ni kilo 10 kwa kila mita mraba. Cha milimita 6 ni kilo 15, cha 10 ni kilo 25, na cha 12 ni kilo 30.

Sasa tuipeleke hiyo hesabu sebuleni. Paneli ya kutenganisha chumba yenye urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1.2 na unene wa milimita 10 inakuja kilo 72. Mfuko wa simiti ni kilo 50. Yaani umesimamisha mfuko mzima wa simiti na karibu nusu ya mwingine, halafu hapo kando ukaweka kochi na mtoto anayejifunza kutembea. Mlango wa kioo wa unene huo huo, wa mita 2.1 kwa 0.9, ni kilo 47. Hiyo bawaba uliyochagua kwa sababu ina rangi ya dhahabu, ndiyo itabeba hizo kilo kila mara mtu akienda kuchota maji.

Ukimuuliza muuzaji kuhusu uzito, jibu la kawaida ni, "Usijali, hii ni ya tempa." Wacha tuelewane hapa. Kuchoma kioo kikawa cha tempa kunakipa nguvu, na kikipasuka kinageuka vipande vidogo badala ya visu virefu. Hiyo ni faida kubwa na unafaa kuitaka. Lakini hakupunguzi hata gramu moja. Kikichomoka ukutani kikiwa kizima, kinachokujia ni kilo 72, si vipande vidogo. Kile cha lamineti pia ni kizuri, kwa sababu ni vioo viwili vilivyobanwa na utando wa plastiki katikati, kwa hivyo kikivunjika vipande vinabaki vimeshikana. Ila vioo viwili vya milimita 5 vina uzito wa kimoja cha milimita 10, na utando juu yake. Nguvu na uzito ni mambo mawili tofauti, na ukiulizia moja usikubali kujibiwa na lingine.

Swali la maana baada ya kujua kilo ni hili: huo uzito unaenda wapi? Paneli inayokaa sakafuni ndani ya mfereji wa chuma inateremsha mzigo wake kwenye zege, na ukuta unafanya kazi ya kuizuia isilale tu. Paneli iliyotundikwa ni kesi nyingine kabisa. Hapo kila kilo inaning'inia kwenye skrubu, na kadiri kioo kinavyokaa mbali na ukuta ndivyo kinavyozivuta skrubu za juu zitoke. Milango ya kuteleza inayoning'inia kwenye reli ndiyo inanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu uzito wote uko juu ya kichwa chako na unasukumwa huku na huku kila siku.

Na ukuta si ukuta tu. Ukuta wa mawe ya Ndarugo uliojengwa vizuri unashika skrubu ndefu bila stori nyingi, mradi fundi atoboe hadi kwenye jiwe lenyewe, asiishie kwenye plasta. Ukuta wa jipsamu ni bodi nyembamba iliyofungwa kwenye fremu ya chuma au mbao. Ukipiga skrubu katikati ya bodi peke yake, umetundika kioo kwenye kitu kisicho na tofauti kubwa na keki. Lazima fundi atafute fremu iko wapi, au aweke mbao za kushikilia kabla bodi haijafungwa. Huko Pwani, kwenye nyumba za zamani za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, kuta ni za mawe ya matumbawe na plasta ya chokaa. Ni nene na zinavutia, lakini ile chokaa ya juu ni laini na inamomonyoka ukiipiga drili kama unayetoboa zege.

Halafu kuna wale wanaobandika tu na silikoni. Kioo kilichobandikwa juu ya rangi kinashikiliwa na rangi, si na ukuta. Rangi ikianza kubanduka kwa unyevu, kioo kinashuka nayo. Kwa kioo cha kujitazamia kuna shida nyingine: silikoni inayonuka kama siki inakula ile fedha ya nyuma, na baada ya muda unaona madoa meusi. Gundi ya vioo vya aina hiyo ipo, itaje kwa jina hilo dukani, na bado weka vishikio vya chuma chini ili uzito usiachiwe gundi peke yake.

Lakini mtu ambaye hatumwoni kabisa kwenye hizi video ni yule anayebeba. Majengo mengi ya kupanga Nairobi ya ghorofa nne hivi hayana lifti. Kile kioo cha kilo 72 kinapanda ngazi kwa mikono ya vijana wawili au watatu, wanakata kona nyembamba, kila mmoja ameshika ukingo ambao hauwezi kuuachia ghafla. Wengi wanafanya hivyo bila glavu, na malipo wanayopewa yalipatanwa kabla ya mtu yeyote kujua kilo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao uzito wake unaweza kumuumiza. Sasa mwajiri atafuataje hiyo sheria kama hata risiti haisemi uzito? Kioo kikiteleza kwenye ngazi, hakuna atakayesema "tulidhani ni chepesi" na mkono wa mtu ukapona.

Najua kuna watakaosema nawatisha watu waache kupendezesha nyumba. Hapana. Kuna njia nyingi. Akriliki ina uzito chini ya nusu ya kioo cha unene huo huo, kwa hivyo kwa paneli ya kutundika ukutani inafaa sana. Ubaya wake ni kwamba inakwaruzika haraka na inashika moto, basi usiiweke karibu na jiko. Kama dirisha au mlango wa kioo tayari upo, stika ya mistari au ya ukungu inakupa mwonekano ule ule bila kuongeza uzito wa maana. Unaweza pia kugawa paneli kubwa kwa fremu ya mbao, ili kila kipande kiwe kidogo, kibebeke na kibadilishwe peke yake.

Usikimbilie tu kupunguza unene ili kupunguza kilo. Kioo kirefu chembamba kinapinda na kutikisika, na mahali watoto wanapita si pa kubana matumizi namna hiyo. Kama unapanga nyumba, fikiria pia siku ya kuhama, maana kioo cha tempa hakikatwi tena. Kipimo cha keja hii kikikataa keja ijayo, umenunua mzigo wa kuuza kwa hasara.

Ninachotaka si kikubwa. Wenye maduka, andikeni kilo kwenye risiti, kando ya bei. Mnajua unene na vipimo tayari, ni kuzidisha tu. Nasi tunaoposti tuandike kilo na aina ya ukuta chini ya kila video ya kioo, kuanzia na zangu. Na wewe unayetaka kununua, kabla ya kutuma deposti kwa M-Pesa muulize muuzaji mambo matatu: ni kilo ngapi, uzito unakaa sakafuni au ukutani, na ni watu wangapi watakileta. Akishindwa kujibu, shikilia pesa zako na utafute duka lingine.